Filimbi Chini ya Bati

Mwanzo nilichora ndege.
Mabawa ya chuma, shingo ndefu kuelekea barabara ya Ipuli,
vioo kila mahali kama duka la simu.
Nikaupa mchoro jina kabla haujapata choo.

Mwalimu Kapela hakusema neno baya.
Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati,
akaweka kidole kwenye goli la magharibi:
"Saa kumi na moja jioni, mwezi wa tisa,
mfungaji anainua macho kwenye pete.
Anaona nini?"

Nikasema, pete.

"Nenda ukatazame."

Studio yetu ilikuwa ghala la tumbaku kando ya reli.
Harufu haijahama; imo kwenye mbao, imo kwenye karatasi,
na mtu akipiga chafya tunamwambia
huo ni mzigo wa mwaka arobaini na saba, haujachukuliwa.

Nikaenda.
Uwanja uko nyuma ya mashine ya kukoboa,
mistari yake ni majivu.
Upepo huifuta, Nyamizi huichora upya
kwa debe lililotobolewa kwa msumari,
bila kamba, bila kuinama.
Nilipoipima kwa tepu ilizidi kiganja kimoja.
Ya kwangu, kwa rula, ilikuwa imezidi mita mbili.

Saa kumi na moja nikasimama kwenye nusu duara.
Pete haikuwepo.
Palikuwa na mlingoti, na juu yake jua tupu.

"Nahodha akishinda sarafu," Nyamizi alisema,
"anachagua kumaliza mechi akilipa jua mgongo.
Aliyeshindwa anacheza na watu sita
na kipofu mmoja."

Nikawauliza wanataka jengo la namna gani.
Nilikuwa tayari kuandika taa, viti, ubao wa magoli.
Mlinzi wa goli alitaka mlango unaofungwa kwa ndani.
Mwingine alitaka misumari ya kutundikia khanga,
"si mmoja, saba, tusigombane."
Mwashi alitaka pa kumlaza mtoto:
pasiwe mbali, amsikie akilia;
pasiwe karibu, mpira usimpate.
Nikaandika: umbali wa kilio.
Hakuna kitabu cha vipimo kinachoutaja umbali huo.

Basi ndege akafa.
Nikaligeuza jengo, kaskazini kwa kusini,
na kugeuza jengo si kugeuza karatasi:
mlango ulijikuta bafuni,
ngazi zikaishia hewani,
nikafuta hadi karatasi ikatoboka
pale ilipokuwa shingo.
Nikapanda kuta za tofali la kuchoma,
nikaziachia matundu upande wa upepo.
Gundi ilikwisha. Kielelezo nikakishikisha kwa uji wa unga,
na asubuhi panya wa ghala
walikuwa wamekula jukwaa la mashariki,
viti mia mbili na arobaini.

Siku ya kutetea kazi, mgeni kutoka Dar es Salaam
alizunguka meza mara mbili, akasema:
halina sura.
Nikajibu: lina kisogo, na limelipa jua.
Walicheka. Nikapata B.

Kapela alibaki nyuma akikunja michoro.
"Na mvua?" akauliza,
kisha akaenda zake kuwahi basi.

Mvua ilikuja wiki ya pili ya Novemba, saa nane mchana,
bila kupiga hodi, juu ya bati la ghala.
Nikampa Ntabo filimbi, nikamtuma ukuta wa mwisho.
Thelathini na nusu. Urefu wa uwanja mzima.

Alifura mashavu.
Mishipa ya shingo ikamtoka,
mkono juu, kama mwamuzi anayesimamisha dunia.
Sikusikia kitu.
Ningekuwa mchezaji ningeendelea kucheza,
na bao langu lisingehesabiwa,
nami nisingejua.

Nikafungua mkato, nikatafuta neno *paa*
nililoliandika kwa wino, kwa kujiamini.
Nikaliwekea alama ya kuuliza kwa penseli.

Ntabo bado anapuliza.